Ndoo za Rambirambi

Mama Kyusa alimnyang'anya Subilaga mwiko.

Si mwiko wa ugali huu. Ulikuwa mti wa urefu wa mtu mzima, umechongwa bapa upande mmoja, na Subilaga alikuwa ameuzamisha kwenye karo la kuchanganyia samadi na maji tangu jua lilipochomoza. Mama Kyusa hakuomba. Aliushika katikati, akauvuta, akauegemeza ukutani mbali na mkono wa mwenyewe.

"Mfiwa hashiki kazi," alisema. "Watu wapande kilima chote hiki, wakukute unakoroga? Watasema Isyonda hakuna wanawake. Kaa chini, mwanangu."

Subilaga akakaa. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa, na nyuma ya Mama Kyusa msururu wa watu ulikuwa ukipanda taratibu, kama jana na juzi, kwenye nyasi zenye umande ulioganda, kila mmoja na ndoo kichwani. Wengine aliwatambua kwa mwendo tu, maana kwa miaka kumi na mmoja amewaona zaidi kwa mbali kuliko kwa karibu. Walipumua moshi wa baridi. Walikuwa wengi, na wote walikuja kwake.

Kila ndoo ilikuwa na samadi ya kuku. Mgeni angeshangaa, lakini mgeni hajui maisha ya uwanda wa juu tangu misitu ifungwe na kukata mti kuwe kesi ya mahakamani. Isyonda inakula kuku, inauza mayai, na inaota moto wa mavi ya kuku hao hao. Samadi inapanda kilima kwa kichwa, inaingia Tumboni, lile shimo kubwa lenye kuba linaloiozesha iwe gesi. Gesi inashuka kilima kwa bomba, inaingia jikoni, kwenye bruda za kupashia vifaranga joto na kwenye zahanati. Tumbo ndilo moto wa watu wote. Basi mtu akifiwa, utampelekea nini kilicho bora kuliko sehemu ya moto wako? Unachota ndoo moja ya banda lako, unaimwaga kwa mkono wako mwenyewe kwenye kinywa cha Tumbo, unataja jina la marehemu. Na unaimwaga kavu. Rambirambi haitiwi maji. Kuitia maji ni kama kumpa mfiwa mkono huku umegeuza uso pembeni.

"Anyelwisye," alisema wa kwanza, akamwaga.

"Anyelwisye," alisema wa pili.

Hilo lilikuwa jina la mama yake Subilaga. Alilisikia likitajwa asubuhi nzima, kwa sauti nene na nyembamba, na kila lilipotajwa kitu kizito kilishuka kifuani mwake. Akajua ni uchungu. Nani asingejua hivyo?

Wa mwisho alikuwa Ambakisye, kijana mpana wa mabega, fundi wa mabanda. Alimwaga ndoo yake, akaja kuchuchumaa mbele ya mkeka, akakipokea kiganja cha Subilaga kwa mikono miwili.

"Ndaga, dada. Pole sana. Mama alinifundisha kusoma, mimi."

"Asante, kaka. Nimesikia Lugano amejifungua."

Uso wa Ambakisye ukafunguka, halafu akakumbuka yuko msibani, akaufunga tena. "Amejifungua kabla ya wakati. Njiti. Kadogo hivi." Akaonyesha kwa viganja. "Kako zahanati, kwenye kile kisanduku cha joto. Muuguzi anasema kakikaa humo mpaka kanenepe, tumepata mtu. Kwa hiyo, dada, moto wako ndio unaomlea mwanangu. Nilitaka nikwambie hilo kwanza."

Alijifuta macho. Wote walikuwa wakijifuta macho, maana hewa karibu na kinywa cha Tumbo ilikuwa kali kuliko kawaida. Subilaga peke yake hakuisikia. Pua yake ilikufa kwa amonia miaka mingi nyuma, na watu wanaolia msibani hawaulizwi wanalia nini.

*

Uzi ulipita chini ya ngozi ya ubavu wake wa kushoto, mwembamba kuliko unywele, na ncha yake ilikaa karibu na moyo. Ndio uliomuunganisha na Tumbo, na ndio uliomfanya awe mlezi wake na si kibarua. Tumbo likiwa na njaa, Subilaga alihisi uwazi chini ya mbavu. Likishiba vizuri, alihisi joto la mtu aliyekunywa uji. Likiugua, aliungua kifuani. Zamani vijiji vilifunga vipimo vya shaba na vya chuma, na amonia ikavila kabla mvua ya pili haijanyesha. Mwili wa mtu unaumwa, unapona, unaendelea kupima. Wajuzi waliobuni uzi walikuwa watu wenye akili sana, na kama wenye akili wengi, walifikiria kila kitu isipokuwa msiba.

Kitu kingine walichofikiria ni moto. Mlezi akienda mbali, Tumbo likimpoteza, vali zote zinajifunga zenyewe, ili gesi isije ikavuja bila mtu. Mpaka ulikuwa kwenye mawe matatu, pale kilima kinapoanza kuteremka. Kila dakika ambayo Subilaga angekaa ng'ambo ya mawe, Isyonda nzima ingekaa bila moto. Kwa hiyo mama yake alipozikwa, alisimama maweni. Aliona migongo ya watu, ndogo, imezunguka kitu asichokiona. Aliona migongo inainama, akaelewa kwamba sasa ni udongo. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na kwa nini wangegeuka? Alirudi, akalisha Tumbo.

Sasa, jua likiwa linaelekea kuzama na wageni wameshashuka, alifanya jambo ambalo mfiwa hakatazwi: aliwasha jiko la kupimia. Lilikuwa jiko dogo la tundu moja, mlangoni mwa kibanda chake. Mwali mzuri wa Tumbo ni wa buluu, umekaa juu ya tundu, hautingishiki. Huu ulinyanyuka kwenye tundu, ukapepea, ukaingia manjano, ukazimika. Akauwasha tena. Ukazimika tena.

Alikaa chini palepale mlangoni.

Aliyemfundisha kazi, mzee mkali aliyekuwa mlezi kabla yake, alikuwa na njia moja ya kueleza. "Tumboni mna vijidudu vya aina mbili," alikuwa akisema. "Wapo wanaotafuna, na wapo wanaopika gesi. Watafunaji ni kama vijana wa kijiweni, unawapa chochote wanakula. Wapishi ni wadhaifu wa mapafu. Samadi ya ng'ombe haiwasumbui. Ya kuku ina chumvi ya mkojo ndani yake, maana kuku hana mahali pengine pa kukojoa, na ikioza inatoa amonia. Kidogo, wanaivumilia. Ikizidi, inawakaba. Na ubaya wake, Tumbo likiwa moto zaidi ndivyo inavyowakaba zaidi. Wapishi wakikabwa, watafunaji hawajui, wanaendelea kutafuna, uchachu unajaa, gesi inakwisha." Ndiyo maana ndoo moja ya kuku huenda na ndoo tatu za maji na mzigo wa mabua yaliyokatwakatwa. Na wapishi wakishakabwa, dawa ni moja: Tumbo lifunge. Maji tu, mabua kidogo, joto lishushwe, hakuna samadi hata kiganja, mpaka wapishi wachache waliobaki wazaane upya. Wiki kadhaa. Na kazi hiyo haihitaji kijiji. Maji yanashuka yenyewe kutoka kwenye tangi la chemchemi. Mtu mmoja anatosha.

Ndoo kavu zilikuwa zinaingia tangu siku ya mazishi. Subilaga alijaribu kuhesabu akaacha. Aliweka kiganja ubavuni. Palikuwa panaungua, palikuwa panaungua tangu jana na juzi, naye alikuwa amejiambia ni mama.

Labda ni mama kweli. Hakuweza kutenganisha. Hilo lilimtia hofu kuliko mwali.

Kesho asubuhi, aliamua, atawaambia.

*

Kesho yake asubuhi binti mmoja wa darasa la saba alimsuka nywele.

Hakuwa ameomba. Binti alipanda na mama yake, akamwaga ndoo yao, akamtazama Subilaga kichwani kwa masikitiko ya waziwazi, akasema, "Shangazi, nani anakusuka huku?" Subilaga akasema hakuna. Basi binti akakaa nyuma yake na kuanza. Vidole vilikuwa vya baridi na vyepesi. Subilaga alifumba macho, na hapo akagundua kwamba hakumbuki mara ya mwisho mtu kumgusa kichwa. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Alitamani kulia, na kwa kuwa ni msibani, akalia, na wanawake wakasema, "Acha alie, atapata nafuu."

Mwanamume mmoja alisimulia jinsi marehemu alivyowahi kumfukuza mwuza dawa za uongo kwa ufagio mpaka barabarani. Watu wakacheka. Mama Kyusa akapika makande kwenye jiko la mabua, akilalamika kwamba gesi ya leo ni ya kinyonge, na mtu akajibu kwamba hata Tumbo linaomboleza. Wakakubaliana naye kwa vichwa. Ndoo ziliendelea kumwagwa. Vitongoji vya upande wa pili wa bonde vilituma ujumbe kwamba bado havijafika, na Mama Kyusa akatangaza kwamba matanga hayataanuliwa mpaka wote wamwage. Hakuna mtu atakayesema Anyelwisye aliombolezwa nusu.

Subilaga aliwatazama wote, akijua. Hapo sasa hakuwa na kisingizio. Akisema, watashuka. Hawatashuka kwa hasira, watashuka kwa sababu hakutakuwa na la kufanya huku, na mtu hapandi kilima cha saa nzima kwenye baridi bila shughuli. Asiposema, kesho watapanda tena, na binti amesema nywele za nyuma hazijaisha. Alijiambia mwali haujafa kabisa. Alijiambia Tumbo limewahi kuvumilia zaidi ya hili, jambo ambalo halikuwa kweli. Alijiambia usiku atafungua maji, na jioni wanawake wawili wakalala naye kibandani ili asiwe peke yake, mmoja kila upande, na hakuamka kufungua maji. Alilala usingizi ambao hajaulala tangu apandishwe kilimani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemlazimisha.

*

Ambakisye alirudi siku ambayo watu wa ng'ambo ya bonde nao walikuwa wamefika. Alipanda mbio, akiwa na ndoo mbili, moja kila mkono, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Dada, mwali wa zahanati unacheza," alisema, hata salamu hakutoa. "Kisanduku kinapoa. Muuguzi amemtoa mtoto, amemfunga kwa Lugano kifuani, anasema tukiwasha tunamrudisha, lakini haushiki. Nikasema Tumbo lina njaa. Hii ni yangu, na hii nimeazima kwa jirani. Zote nzito. Nimekwangua mpaka sakafu."

Akapita katikati ya watu kuelekea kwenye kinywa. Watu wakampisha kwa heshima. Mmoja akasema, "Huyo ndiye mwanamume."

Subilaga aliinuka kwenye mkeka. Aliwahi kabla yake, akakaa juu ya ukingo wa kinywa kwa mwili wake mzima, mikono imefunika tundu.

"Usimwage."

"Dada?"

"Usimwage, kaka. Halina njaa. Limekabwa." Akaona hawaelewi, akapandisha sauti ili asilazimike kusema mara mbili. "Samadi ya kuku ikiingia kavu inakuwa sumu. Ndoo zenu zote zimeingia kavu. Mnaniletea rambirambi na Tumbo linakufa nayo. Mwali umeharibika kwa sababu hiyo. Si baridi, wala si kuomboleza."

Mwanamke mmoja alikuwa ameshika ndoo yake bado imejaa, akaiweka chini polepole sana.

"Hukutuambia," alisema Mama Kyusa.

"Sikuwaambia."

Ambakisye alikuwa bado ameshika ndoo zake mbili hewani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, akatafuta lile moja alilolihitaji.

"Umejua lini?"

Subilaga angeweza kusema leo. Hakuna mwingine aliyekuwa na uzi ubavuni. Hakuna ambaye angeweza kumsuta. Alimwangalia Ambakisye viganja, vilivyokuwa vyeupe kwa kubana mishikio.

"Siku ile uliyokuja kunipa pole. Jioni yake."

"Na mtoto ulikuwa umeshaambiwa."

"Nilikuwa nimeshaambiwa."

"Basi kwa nini, dada?"

"Mlikuwa mnakuja," alisema Subilaga.

Ambakisye aliziweka ndoo chini. Alimtazama kama anayejaribu kusoma maandishi madogo, kisha akageuka na kushuka kilima bila ndoo, kwanza akitembea, halafu akikimbia.

Wengine hawakumtukana. Ingekuwa afadhali. Mama Kyusa aliuliza linalohitajika ni nini, akajibiwa: maji, mabua, kufunga, wiki kadhaa. Akauliza ni watu wangapi wabaki kusaidia. Subilaga akasema mtu mmoja anatosha. Alisema kwa sababu ndiyo kweli, na alikuwa ameshachoka na uongo. Mama Kyusa akakunja mkeka, akaubana kwapani. Akauchukua mwiko ukutani, akamkabidhi mwenyewe, wakaondoka wote na ndoo zao zilizojaa. Yule binti aligeuka mara moja. Nywele za nyuma zilikuwa hazijaisha.

*

Tumbo likafunga.

Subilaga alifungua maji ya chemchemi, akalitoa tope zito kwenda bwawani, akaliongezea maji tena. Alikata mabua mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Alizima bomba la kupashia, ili Tumbo lipoe taratibu na amonia ilegee. Gesi kidogo iliyokuwa imebaki chini ya kuba aliielekeza zahanati peke yake, majumba yote akayafungia. Baada ya siku chache hata hiyo ikaisha. Alisogeza kiberiti kwenye jiko la kupimia, kikawaka kiberiti tu.

Kilikuwa kipindi cha umande kuganda. Asubuhi uwanda ulikuwa mweupe na nyasi zilivunjika zikikanyagwa. Kutoka kwenye mawe matatu aliona Isyonda bila mwanga, isipokuwa dirisha moja. Walikuwa wamehamia wote kwenye ukumbi wa zahanati, alielewa, watu na mablanketi, na vifaranga kwenye maboksi, ili wapashane joto kwa miili. Jioni upepo ukigeuka alisikia wanaimba. Kijiji kizima kilikuwa chumba kimoja, na yeye aliyekisababisha ndiye pekee aliyekuwa nje.

Hakuna aliyepanda kumwambia kama mtoto yuko hai. Hakustahili kuambiwa, alijisemea, na bado alisimama maweni kila siku akitazama kama atawaona wanabeba kitu kidogo kuelekea makaburini. Alijichukia kwa kutazama. Aliogopa kuacha.

Na ubavuni, siku kwa siku, moto ulipungua. Maji yalikuwa yanafanya kazi. Kwanza kuungua kukawa kuwashwa, kisha kuwashwa kukafifia, mpaka asubuhi moja uzi ulikuwa kimya kabisa, maana Tumbo lilikuwa limelala na halikuwa na la kusema. Subilaga alisimama katikati ya kibanda akisikiliza. Chini ya ule ukimya palikuwa na kitu kingine, kizito, kimekaa palepale. Hakikuungua. Hakikupungua kwa maji. Hiki kilikuwa chake. Mama yake amekufa, na hakumzika. Alikaa kitandani akalia, safari hii peke yake, bila mtu wa kusema acha alie.

Alipomaliza kulia, alijikuta anafikiria vali.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi mpaka akaona aibu. Mlezi akivuka mawe, vali zinajifunga. Lakini vali zilikuwa zimefungwa tayari. Alizifunga mwenyewe, na nyuma yake hakukuwa na gesi ya kutosha hata kuchemsha chai. Tumbo lilikuwa na maji ya siku nzima na mabua ya siku nzima. Akivuka mawe leo, hakuna mtu chini atakayepoteza kitu. Kwa siku hizi, na labda kwa siku hizi tu, hakuna kinachomshikilia kilimani.

Isipokuwa watu watakaomtazama akifika. Alijua kwamba hilo lilikuwa refu kuliko kilima. Alikuwa ametamani wapande kwake miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kutamani kushuka kwao akiwa na deni la namna hii. Angeweza kubaki. Hakuna ambaye angemlaumu mlezi kwa kubaki na Tumbo linaloumwa.

Akafunga kitenge juu ya sweta, akatoka.

*

Kwenye mawe matatu uzi ulimvuta kama ndoano. Alipiga magoti, akatapika maji machungu, akabaki ameshika jiwe mpaka dunia ikaacha kuzunguka. Kisha kitu kikakatika kimyakimya ndani yake na hakuhisi chochote kutoka nyuma. Hakuhisi njaa wala shibe isiyo yake. Akainuka akashuka haraka, kwa kuogopa kwamba akienda polepole atageuka.

Kaburi la mama yake lilikuwa na udongo uliokwisha kutitia. Alisimama hapo. Alikuwa ameandaa maneno njiani, na yote yakamtoka, akasema tu, "Mama, nimechelewa," akaendelea na njia.

Mlango wa ukumbi ulikuwa umezibwa kwa blanketi. Alilisogeza. Joto la watu lilimpiga usoni, pamoja na sauti za vifaranga. Walikuwa wamekaa wamebanana sakafuni, wazee katikati, watoto mapajani. Mazungumzo yakaisha kuanzia mlangoni mpaka ukuta wa mwisho. Mama Kyusa alikuwa na uji mkononi. Ambakisye alikuwa amelala amekaa, kichwa ukutani, mashati mawili aliyovaa yakiwa wazi kifuani, na kifua hicho kilikuwa kitupu.

Subilaga alikiona kifua kitupu, akabaki ameshika blanketi la mlango.

"Yuko huku," ilisema sauti ya mwanamke.

Lugano alikuwa upande wa dirishani, uso umemsinyaa kwa kutolala, blanketi limevimba kidogo sana kifuani. Alimtazama Subilaga kutoka kichwani, kwenye nywele zilizosukwa nusu, mpaka kwenye viatu.

"Umeacha Tumbo?"

"Limelala. Linapona. Hakuna gesi ya kufunga. Mkitaka niondoke nitaondoka, nilikuja tu..." Hakujua alikuja kufanya nini. "Nilikuja kusema nilikosa. Nilisema nikiwa huko juu, lakini huko juu mlikuwa wageni wangu."

Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu, alimwinamia Lugano, akaingiza mkono chini ya blanketi, akautoa.

"Umeanza kupoa wewe," alimwambia Lugano. "Unatetemeka. Lazima abadilishwe. Nani ana joto?"

Watu wakatazamana. Wote walikuwa wameshachukua zamu, wanawake kwa wanaume, na baridi ya alfajiri ilikuwa imewaingia mifupani. Mama Kyusa alianza kuinuka, goti likamkatalia.

"Huyo," alisema Lugano.

Muuguzi akageuka.

"Ametembea kilima kizima," alisema Lugano. "Mtazame jasho. Mfungue sweta, mfute kifua." Halafu akamgeukia Subilaga mwenyewe, na hakupunguza ukali wa sauti. "Sijakusamehe, shangazi. Usidhani nimekusamehe. Njoo ukae hapa."

Watu wakasogea. Ilibidi wasogee wengi ili ipatikane nafasi ya mtu mmoja, bega likasukuma bega mpaka mwisho wa chumba. Subilaga akakaa. Muuguzi akamvua kitenge na sweta, akamfuta jasho kwa khanga kavu, na mtoto akawekwa juu ya ngozi yake, upande wa kushoto. Alikuwa mwepesi mno. Alikuwa na kofia ya sufu na miguu ya baridi, na mgongo wake wote ulienea kwenye kiganja kimoja. Alijikunyata, akatafuta mahali pa kuweka shavu, akatulia.

"Shika kichwa," alisema Lugano. "Si hivyo. Chini ya shingo."

Subilaga akashika chini ya shingo.

Blanketi lilivutwa juu yao wote wawili. Lugano hakulala mara moja. Alibaki amefumbua macho, kidole chake kimegusa kofia ya mtoto.

"Utakaa naye mpaka jua liwe juu. Ukianza kupoa, sema. Ukichoka, sema. Usikae kimya kwa sababu umependa kumshika." Aliishusha kofia ya mtoto mpaka masikioni. "Safari hii, sema."

"Nitasema," alisema Subilaga.